Kerneli Inahesabu Nini na Inamdai Nani: Mhadhara juu ya Vikomo vya Rasilimali katika Kompyuta

Jioni hii nitazungumzia jambo lililo chini kabisa ya mashine, mahali ambapo mtumiaji wa kawaida hana sababu ya kuchungulia mpaka siku kitu kinapokwama.

Kusudi langu nilitaje mapema. Nataka kuonyesha kwamba kikomo cha rasilimali ndani ya kompyuta ni makubaliano ya pande mbili. Upande mmoja ni kerneli, yaani programu ya msingi inayomiliki prosesa, kumbukumbu na diski, na kuzigawa kwa programu nyingine zote. Upande wa pili ni programu inayoomba. Kerneli ikihesabu kisichostahili kuhesabiwa, au ikimdai asiyehusika, kikomo hakimlindi mtu. Na programu isiposikiliza inapokataliwa, kikomo kilekile kilichowekwa kwa ajili ya ulinzi hugeuka kuwa chanzo cha hatari. Nina hoja tano. Hazitalingana urefu, kwa sababu ya tatu ndiyo iliyonifanya nikubali mwaliko huu.

Nitasema sana neno mchakato. Namaanisha programu inapokuwa inafanya kazi: imepewa namba yake, kumbukumbu yake, na orodha ya faili ilizozifungua. Programu moja iliyolala kwenye diski inaweza kuzaa michakato mia. Na ndani ya mchakato mmoja kunaweza kuwa na nyuzi nyingi, ambazo kila moja hupokea zamu yake kwenye prosesa. Mifano yangu mingi itatoka Linux, kwa sababu ndiyo iliyomo katika seva nyingi za dunia na katika simu za Android mlizozizima mlangoni.

Hoja ya kwanza: Kazi ya kuhesabu haiwezi kuachiwa programu zenyewe

Unix ilizaliwa katika Maabara ya Bell huko Marekani, mikononi mwa Ken Thompson na Dennis Ritchie, miongoni mwa watu waliofahamiana. Katika toleo la saba, la mwaka 1979, vikomo vilikuwemo, ila viliandikwa ndani ya kerneli kama namba zisizobadilika: mchakato mmoja usifungue faili zaidi ya 20, na mtumiaji mmoja asiwe na michakato zaidi ya 25. Aliyetaka namba nyingine alilazimika kuitengeneza kerneli upya na kuiwasha mashine upya. Hapakuwa na njia ya kumpa mwanafunzi kiasi hiki na mhasibu kiasi kile.

Ritchie mwenyewe aliandika waraka mfupi juu ya usalama wa Unix, na ndani yake alikiri bila kuzunguka kwamba ulinzi wa mfumo ule ulikuwa dhaifu zaidi katika eneo hili hasa, la mtu kumaliza rasilimali za wenzake. Mtumiaji yeyote, asiye na cheo chochote, aliweza kuijaza diski au kuzaa michakato mpaka mashine isimame. Namheshimu kwa waraka ule. Alikitengeneza chombo, kisha akawaambia watu kinapovuja.

Mwaka 1983 Chuo Kikuu cha California, Berkeley, kilitoa mfumo wa 4.2BSD ukiwa na wito mpya wa kerneli, yaani ombi ambalo programu huipelekea kerneli, uitwao setrlimit. Sasa kila mchakato ulibeba vikomo vyake, na vilibadilishwa mashine ikiwa inaendelea na kazi. Vilikuwa sita: muda wa prosesa, ukubwa wa faili inayoandikwa, eneo la data, staki, ukubwa wa faili la mabaki linaloachwa programu inapoanguka, na kumbukumbu halisi inayokaliwa. Idadi ya michakato haikuwa miongoni mwa sita hizo. Ilibaki namba moja kwa watu wote ndani ya kerneli.

Miaka mitano baadaye, tarehe 2 Novemba 1988, mwanafunzi wa Chuo Kikuu cha Cornell aitwaye Robert Tappan Morris alitoa mtandaoni programu ya kujisambaza yenyewe. Haikufuta faili wala haikuiba fedha. Ilikuwa na utaratibu wa kuuliza kama mashine tayari ina nakala yake, lakini mara moja katika kila mara saba ilibaki hata jibu lilipokuwa ndiyo. Uamuzi huo mmoja ulitosha. Nakala zilirundikana, kila moja ikidai zamu ya prosesa, na mashine za vyuo na maabara zikazidiwa na michakato hadi wenyewe wakazitenga na mtandao. Madhara makubwa ya siku ile yalikuwa kumalizika kwa rasilimali. Baadaye kikomo cha idadi ya michakato, na kile cha faili zilizofunguliwa, viliingizwa katika orodha ya BSD, na Linux ikavirithi.

Hoja ya pili: Kila kikomo kina namba mbili, nacho hurithiwa

Hapa nitapita haraka, kwani mafundi wanayajua haya, lakini bila haya hoja ijayo haitaeleweka.

Katika Linux ya leo kuna vikomo 16 vya aina hii kwa kila mchakato. Kila kimoja kina namba laini na namba ngumu. Namba laini ndiyo inayotumika kukatalia. Mchakato wenyewe unaweza kuipandisha, mradi isivuke namba ngumu. Namba ngumu, mchakato wa kawaida unaweza kuishusha tu, na ukishaishusha hauwezi kuirudisha. Kuipandisha ni ruhusa ya mtumiaji mkuu, mwenye mamlaka yote ya mashine. Mchakato unapozaa mwingine, mtoto hurithi vikomo vya mzazi, na hubaki navyo hata akibadilika kuwa programu nyingine kabisa. Ndiyo maana amri ya ulimit, inayotumika kuweka vikomo hivi, imejengwa ndani ya shelo yenyewe, yaani programu inayopokea amri za mtumiaji: ingekuwa programu ya pembeni, ingebadilisha vikomo vyake yenyewe kisha ikafa, na shelo ingebaki kama ilivyokuwa. Na ndiyo maana fundi anayehariri vikomo katika faili la mipangilio halafu akashangaa kwamba huduma yake haijabadilika, anapaswa kujiuliza huduma ile ilizaliwa na nani, na lini. Tangu mwaka 2010, Linux 2.6.36 ilipoleta wito wa prlimit, inawezekana pia kubadilisha vikomo vya mchakato ambao tayari unaendelea.

Namba hizi zina historia, na atakayezibadilisha bila kuijua historia hiyo ataumiza mtu. Chukueni kikomo laini cha faili zilizofunguliwa, ambacho kwa desturi ni 1024. Wengi hukiona kidogo mno kwa seva ya leo, na ni kweli. Lakini kuna wito wa zamani uitwao select, ambao programu hutumia kusubiri faili nyingi kwa pamoja, na jedwali lake limetengewa nafasi 1024 tu. Programu ya zamani ikipewa faili lenye namba kubwa kuliko hapo, huandika nje ya jedwali na kuharibu kumbukumbu yake yenyewe. Kwa hiyo watunzaji wa systemd, programu inayowasha huduma katika mifumo mingi ya Linux, katika toleo la 240 la Desemba 2018, walipandisha namba ngumu hadi 524288 na kuiacha namba laini palepale kwenye 1024. Programu mpya inayojua inachofanya huipandisha namba laini yenyewe. Ile ya zamani hubaki salama bila kujua kwamba dunia imebadilika. Huo ni uhandisi wa heshima.

Vilevile, si kila kikomo kilichoandikwa kinafanya kazi. Kile cha kumbukumbu halisi inayokaliwa, kimojawapo cha vile sita vya Berkeley, bado kimo katika Linux. Mtu anaweza kukiweka, kukisoma, na kukiona kwenye orodha. Tangu toleo la 2.4.30 kerneli haikitumii kwa lolote. Anayekitegemea hajalindwa.

Hoja ya tatu: Kukataliwa ni jibu, na jibu lazima lisikilizwe

Naomba sasa mnisikilize kwa makini, hasa wanafunzi, maana hapa ndipo kazi yenu ya kila siku ilipo.

Programu inapoomba zaidi ya kikomo, kerneli hutenda moja kati ya mambo mawili. Kwa baadhi ya rasilimali hutuma ishara: mchakato uliovuka muda laini wa prosesa hupigiwa ishara ya kuonywa, na ukifika kwenye namba ngumu huuawa. Kwa rasilimali nyingi zaidi, kerneli hurudisha kosa. Uliomba kufungua faili: haiwezekani, umefikia mwisho. Uliomba kuzaa mchakato: haiwezekani kwa sasa, jaribu tena. Baada ya hapo kerneli imemaliza sehemu yake. Programu ikilipuuza kosa hilo na kuendelea kana kwamba imekubaliwa, hakuna atakayeizuia.

Mfano wa kwanza ni wa simu. Katika Linux ya mwaka 2010, wito wa setuid, ambao mchakato hutumia kubadilisha utambulisho wake kutoka mtumiaji mmoja hadi mwingine, uliangalia kikomo cha idadi ya michakato. Mantiki yake ilieleweka: mchakato unaohamia kwa mtumiaji mpya unaongeza hesabu ya mtumiaji huyo, kwa hiyo akiwa ameshajaa, uhamisho ukataliwe. Sasa tazameni matokeo. Programu nyingi za huduma huanza zikiwa na mamlaka ya mtumiaji mkuu, hufanya maandalizi yao, halafu huita setuid ili kuyavua mamlaka hayo na kuishi kama mtumiaji mdogo. Waandishi wake waliamini kwamba mtumiaji mkuu hawezi kukataliwa, kwa hiyo hawakuangalia jibu.

Mwaka 2010 ilitolewa mbinu iliyopewa jina la rageagainstthecage, dhidi ya simu za Android. Ilifanya kazi hivi. Ndani ya simu kuna huduma ya adb, inayoiunganisha simu na kompyuta ya mtengeneza programu. Huduma hiyo huanza na mamlaka yote, kisha huyavua. Mshambuliaji, akiwa na utambulisho mdogo uleule ambao huduma ile huhamia, alizaa michakato mpaka kikomo cha mtumiaji huyo kikajaa. Halafu akaiua huduma ya adb. Mfumo ukaiwasha tena, kama unavyopaswa. Ikaanza na mamlaka yote, ikaomba kuyavua, kerneli ikajibu kwamba mtumiaji yule amejaa, na huduma, bila kulitazama jibu, ikaendelea na kazi ikiwa bado na mamlaka yote ya simu. Machi 2011 Google iliondoa kwenye soko lake programu zaidi ya 50 zilizobeba programu hasidi iliyoitwa DroidDream, na mbinu hii ilikuwa mojawapo ya silaha zake.

Kosa lilikuwa la nani? Mwandishi wa huduma alipaswa kuangalia jibu, na hilo halina mjadala. Lakini watunzaji wa kerneli hawakuishia kumlaumu. Katika Linux 3.1, mwaka huohuo wa 2011, walihamisha mahali pa kukatalia. Kuanzia hapo setuid haikatai tena kwa sababu ya kikomo hiki. Huweka alama tu kwamba mtumiaji amezidi, na ukaguzi hufanyika mchakato unapotaka kugeuka kuwa programu nyingine, hatua ambayo ikishindikana hakuna anayebaki na mamlaka yasiyo yake. Namba ya kikomo haikubadilika hata kidogo. Kilichobadilika ni mahali pa kusema hapana. Ninaliona hili kuwa fundisho kubwa kuliko yote katika somo letu: anayebuni kikomo anawajibika pia kuchagua mahali ambapo kukataa hakutamuumiza aliyekataliwa wala jirani yake.

Mfano wa pili ni wa kampuni kubwa. Tarehe 25 Novemba 2020, huduma ya Kinesis ya Amazon, inayopokea mikondo ya data, ilianguka katika kituo chao cha kaskazini mwa Virginia, ikaangusha huduma nyingine zilizoitegemea. Kampuni ilichapisha maelezo kamili, nayo yanafaa kusomwa katika kila darasa la mifumo endeshi. Usiku, kuanzia saa nane na dakika 44 kwa saa za pwani ya magharibi ya Marekani, waliongeza seva chache kwenye kundi la mbele la huduma hiyo. Kila seva katika kundi ilikuwa na uzi mmoja kwa ajili ya kila seva nyenzake. Mnaona hesabu inapoelekea: seva moja ikiongezwa, kila seva iliyokuwepo inaongeza uzi. Seva mpya zilipoingia, seva zote za kundi zilivuka kwa pamoja idadi ya juu ya nyuzi iliyoruhusiwa na mpangilio wa mfumo endeshi.

Miongoni mwa mambo ambayo mafundi wao waliyashuku ni upungufu wa kumbukumbu. Sababu halisi ilithibitishwa saa tatu na dakika 39 asubuhi. Huduma ilirudi katika hali ya kawaida saa nne na dakika 23 usiku. Mtauliza: kwa nini wasipandishe kikomo tu, ikawa imekwisha? Walieleza kwamba hawakutaka kufanya hivyo bila majaribio zaidi, na wakaamua kuziondoa zile seva zilizoongezwa na kuwasha kundi upya kidogokidogo. Kwa baadaye walipanga kutumia seva kubwa zaidi lakini chache, ili nyuzi zipungue. Uamuzi ule ulikuwa sahihi. Kikomo kilikuwa kimewaambia kitu cha kweli juu ya umbo la mfumo wao, kwamba gharama ya kila seva ilikua kadiri kundi zima lilivyokua. Kupandisha namba kungeahirisha ukweli huo hadi siku nyingine.

Kilichokosekana ni onyo la mapema. Kerneli iliijua hesabu ya nyuzi wakati wote, na hakuna aliyeiuliza.

Hoja ya nne: Kumbukumbu huahidiwa kabla ya kutolewa

Faili na michakato huhesabika moja moja. Kumbukumbu ina tabia nyingine. Programu huomba eneo kubwa kuliko itakalotumia, kwa tahadhari au kwa uzembe, na Linux kwa desturi hukubali. Kurasa halisi za kumbukumbu hutolewa pale tu programu inapozigusa. Ni kama kamati ya harusi inayogawa kadi nyingi kuliko viti vya ukumbini, ikijua kwa uzoefu kwamba wengi hawatafika. Siku nyingi hesabu hiyo hutoka sawa, na wageni wengi zaidi hupata nafasi kuliko kama kila kadi ingefungiwa kiti chake.

Lakini ahadi hizo zina gharama. Siku wote wanapofika, kerneli haiwezi tena kujibu kwa kosa, maana idhini ilishatolewa zamani. Mchakato unagusa tu ukurasa ulioambiwa kuwa ni wake. Hapo kerneli huchagua mchakato mmoja na kuuua. Huukadiria kila mchakato kwa kiasi cha kumbukumbu unachokalia, kisha huongeza marekebisho ambayo msimamizi ameyaweka, kati ya hasi 1000 na chanya 1000. Hasi 1000 maana yake usiguswe kamwe. Anayechaguliwa mara nyingi ndiye mkubwa, na mkubwa mara nyingi ni hifadhidata, ambayo ndiyo sababu ya seva ile kuwepo. Wasimamizi wa mifumo mlioko hapa, kama hamjaweka marekebisho hayo wenyewe, basi mmeiachia kerneli uchaguzi ambao haina taarifa za kutosha kuufanya. Inawezekana pia kuiamuru kerneli isiahidi kupita kiasi; wakati huo programu hupata kosa mapema, palepale inapoomba, na tunarudi kwenye hoja ya tatu: je, itasikiliza?

Jambo hili linamgusa kila mwenye simu ya bei nafuu, na ndizo simu tulizo nazo wengi hapa Afrika Mashariki. Mtu anajaza fomu kwenye programu moja, anafungua kamera apige picha ya kitambulisho, akirudi anakuta fomu imefutika. Simu haijaharibika. Kumbukumbu ilibana, na Android ikaiua programu iliyokuwa nyuma ili kamera ipate nafasi. Programu iliyo mbele ya macho hupewa alama 0, na zile zilizosahaulika nyuma hupewa 900 na zaidi, kwa kipimo kilekile nilichokitaja. Zamani kazi hii ilifanywa na kiendeshi ndani ya kerneli. Kiliondolewa katika Linux 4.12 mwaka 2017, na sasa ni kazi ya huduma iitwayo lmkd, iliyo nje ya kerneli. Kuanzia Android 10, lmkd hutumia kipimo cha mbano kilichoingia katika Linux 4.20, ambacho hueleza ni sehemu gani ya muda michakato imekaa ikingoja kumbukumbu. Kipimo hicho ni hatua nzuri sana, kwa sababu hutoa habari kabla ya maafa.

Mtengeneza programu anayeandika kwa ajili ya mkulima wa Mbeya au mama muuza samaki wa Kisumu anapaswa kuijaribu kazi yake kwenye simu yenye kumbukumbu ndogo, na kuihifadhi fomu kila sehemu inapojazwa. Mfumo umempa taarifa kwamba programu yake inaweza kuuawa wakati wowote ikiwa nyuma. Kupoteza kazi ya mtumiaji baada ya taarifa hiyo ni kosa lake yeye.

Hoja ya tano: Deni liandikwe kwa jina la mwenye kazi

Vikomo vya Berkeley huudai mchakato mmoja mmoja, au mtumiaji kwa ujumla. Vyote viwili vina kasoro. Ukiuwekea kila mchakato kikomo cha kumbukumbu, mjanja atazaa michakato kumi. Ukimdai mtumiaji, je, ikiwa huduma tatu zisizohusiana zinatumia jina lilelile la mtumiaji? Hilo lilitokea sana kontena, yaani vifurushi vya programu vinavyotengwa ndani ya mashine moja, zilipoenea: kontena mbili za wateja tofauti, ndani ya seva moja, zikiwa na namba moja ya mtumiaji, zilihesabiwa michakato kwa pamoja, na mmoja alimnyima mwenzake bila kumfahamu. Katika Linux 5.14 ya mwaka 2021, hesabu hiyo ilianza kufanywa pia kwa kila eneo la watumiaji lililotengwa.

Dawa ya msingi zaidi ilianza mwaka 2006, pale Paul Menage na Rohit Seth wa Google walipoanza kutengeneza utaratibu wa kuiweka michakato katika vikundi na kukidai kikundi kizima. Uliingia katika Linux 2.6.24 mwaka 2008 kwa jina la cgroups. Toleo la pili, lililoongozwa na Tejun Heo, lilitangazwa kuwa tayari katika Linux 4.5 mwaka 2016. Mchakato unaozaliwa ndani ya kikundi hubaki ndani yake, kwa hiyo kuzaa watoto hakumsaidii mtu kukwepa deni.

Hapa kuna tofauti ninayoiona kuwa ya muhimu. Muda wa prosesa ni rasilimali inayojirudia: ukikosa zamu sasa, utaipata baada ya sehemu ya sekunde. Kikundi kinaweza kupewa, kwa mfano, milisekunde 50 katika kila milisekunde 100, na kikizimaliza kinasubiri tu bila kufa. Kumbukumbu haiwezi kukopwa namna hiyo, kwani ukurasa unaokaliwa unakaliwa. Kwa sababu hiyo toleo la pili lina mistari miwili kwa kumbukumbu. Kikundi kikivuka wa kwanza hupunguzwa kasi na kushurutishwa kurudisha kurasa. Kikifika wa pili na kurasa zikakosekana, mchakato huuawa ndani ya kikundi hichohicho, na majirani hawaguswi. Anayeweka mstari wa pili peke yake anajinyima onyo.

Hata hapa swali la kumdai nani halijaisha. Faili likisomwa, nakala yake hubaki kwenye kumbukumbu, na anayeigusa kwanza ndiye anayeandikiwa. Wa pili anayelisoma faili lilelile hutumia bure. Fundi anayeona kontena moja imevimba na jirani yake imekonda, hali zinafanya kazi ileile, akumbuke jambo hilo kabla ya kumtuhumu aliyeandika programu.

Yaliyo mbele yetu

Mheshimiwa Mwenyekiti, nimalizie kwa kutazama mbele. Kadi za michoro, ambazo sasa ndizo zinazofanya hesabu za akili bandia, zina kumbukumbu yake zenyewe, na kwa miaka mingi kerneli haikuwa na utaratibu wa pamoja wa kuigawa kwa vikundi. Linux 6.14 ya mwaka 2025 iliingiza utaratibu wa kwanza wa kuhesabu kumbukumbu ya vifaa vya aina hiyo. Vyuo vyetu vitakavyonunua mashine hizo kwa gharama kubwa, zikatumiwa na wanafunzi mia kwa zamu, vitauhitaji utaratibu huo mapema kuliko kampuni zenye mashine za ziada.

Kwa walimu wa vyuo ninaomba hivi: mwanafunzi asimalize somo la mifumo endeshi kabla hajaandika programu inayokataliwa faili, ikakataliwa mchakato, ikakataliwa kumbukumbu, na bado ikajibu kwa adabu na kuhifadhi kazi ya mtu. Amri ya ulimit inatosha kumwandalia jaribio hilo kwa dakika moja, hata kwenye kompyuta kuukuu.

Na kwenu mafundi: kesho mkirudi kazini, fungueni faili la limits lililo chini ya saraka ya proc kwa kila huduma mnayoilinda, mlinganishe na hesabu ya sasa ya nyuzi na faili zake, kisha mwandike pembeni ni nani aliyeichagua kila namba na kwa sababu gani. Mahali ambapo hakuna anayejua sababu, anzeni hapo.